Ng'ombe wa kwenye karatasi: kisa cha Jay Hoyt na wawekezaji waliomuuliza muuzaji kama biashara yake ni halali

Mtu akitapeliwa, hela yake ikaliwa, tapeli mwenyewe akakamatwa na kufungwa, je, huyo aliyetapeliwa anaweza tena kupigwa faini na watu wa kodi eti alikuwa mzembe? Marekani mahakama zimejibu ndiyo, tena si mara moja, ni kwenye kesi nyingi tu zilizotoka kwenye mpango mmoja wa ufugaji, na sababu waliyoitoa karibu kila mara ni ileile: hukumtafuta mshauri wa kwako kabla hujasaini na kabla hujajaza ritani (fomu ya kodi ya mwaka). Wengi wakisikia hivi wanasema ni uonevu mtupu. Mimi naona kwenye faini mahakama zilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ila kwenye riba hapana, na hiyo nitaifikia huko chini.

Jamaa anaitwa Walter J. Hoyt wa tatu, wengi walimjua kama Jay Hoyt. Familia yao ni wafugaji wa siku nyingi huko magharibi mwa Marekani, ng'ombe aina ya Shorthorn, na baba yake alikuwa na jina kabisa kwenye hiyo kazi. Mwishoni mwa miaka ya 60 mzee alianza kuunda ubia ili apate mtaji wa watu wa nje, alipofariki mwanzoni mwa 1972 kijana akaendelea nao, na kuanzia kama 1971 mpaka 1998 Hoyt aliunda na kuendesha ubia zaidi ya 100 wa ng'ombe, ukiacha ule wa kondoo ambao ulikuwa unaenda kwa mtindo uleule. Waliojiunga ni maelfu. Na hapa ndo inatofautiana na skendo nyingi za kodi tulizozoea kusikia, kwamba hao hawakuwa matajiri wa kutisha wenye wanasheria wao, wengi walikuwa watu wa mishahara, hawajawahi kufuga hata kuku.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Ubia unanunua ng'ombe wa kuzalisha kutoka kwa kampuni za Hoyt, haununui kwa keshi bali kwa hati za madeni, halafu kampuni hizohizo za Hoyt zinabaki na ng'ombe, zinawachunga na kuwasimamia kwa mkataba. Wewe mwekezaji unasaini fomu ya kujiunga, unasaini hati ya kumpa Hoyt mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, na unakubali kubeba binafsi fungu lako la lile deni. Kwenye ritani yako sasa unaingiza fungu lako la hasara za ubia, uchakavu wa ng'ombe (kushuka thamani kwao mwaka hadi mwaka), riba ya lile deni, na kwa miaka ile kabla ya mageuzi ya kodi ya 1986 kulikuwa pia na nafuu ya uwekezaji, ambayo ni hela inayokatwa moja kwa moja kwenye kodi na sio kwenye kipato tu. Utamu ulikuwa hapo kwenye nafuu, maana sheria iliruhusu ile ambayo hujaitumia uirudishe nyuma miaka mitatu, yaani unaomba urudishiwe kodi uliyokwishalipa zamani kabla hata hujamsikia Hoyt. Serikali inakutumia cheki.

Na hiyo cheki ndo ilikuwa mtaji. Makubaliano yalikuwa kwamba katika kodi utakayookoa, asilimia 75 unampelekea Hoyt na asilimia 25 unabaki nayo wewe. Soma tena taratibu hapo. Mtu hatoi akiba yake, anatoa hela ya kodi, na anabakiwa na kidogo mfukoni mwaka huohuo wa kwanza, kabla ng'ombe hajazaa, kabla hajauzwa hata ndama mmoja. Kama faida yako imeshaingia kabla biashara haijafanya biashara, basi faida hiyo haitoki kwa ng'ombe.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili tuone ubaya wake. Tuseme umerudishiwa dola 10,000. Hoyt anachukua 7,500, wewe 2,500. Miaka ikapita, IRS (mamlaka ya mapato ya Marekani) ikayakataa yale makato yote. Unachodaiwa ni 10,000 nzima, sio zile 2,500 ulizokula, kwasababu kwenye vitabu vya serikali wewe ndo uliyerudishiwa. Weka faini ya asilimia 20 ya uzembe, ni 2,000 nyingine. Halafu riba, ambayo kule inajumlishwa kwenye deni kila siku nayo inazaa riba, kwa hiyo hata tukiweka asilimia 8 kwa miaka 15 lile deni la 10,000 linakuwa limepita 33,000. Kwa ajili ya 2,500! Na kesi za Hoyt zilivyochelewa, miaka 15 sio kwamba nimetia chumvi.

Sasa tuhesabu kofia za huyu bwana, maana kisa chote kimekaa hapo. Alikuwa muuzaji wa ng'ombe. Alikuwa mwendeshaji wa ubia unaonunua hao ng'ombe, yaani amekaa pande zote mbili za meza. Ndiye aliyekuwa anawatunza hao ng'ombe kwa malipo. Ndiye aliyekuwa anasimamia na kusaini ritani za ubia. Alikuwa na ofisi za kuandaa ritani, zilibadilishwa majina mara kadhaa, ambazo ndo zilikuwa zinaandaa ritani binafsi za wengi wa wawekezaji. Kuanzia kama 1980 mpaka 1997 alikuwa wakala wa kodi mwenye leseni, kwa hiyo IRS ikikuita kwa ukaguzi yeye ndo anakwenda kukutetea. Na kuanzia 1983, baada ya sheria ya 1982 iliyosema ubia ukaguliwe kama kitu kimoja badala ya kumfuata kila mwanachama, yeye akawa ndiye msemaji wa kila ubia mbele ya IRS na mahakamani. Yaani ukiwa na wasiwasi kuhusu Hoyt, unamuuliza Hoyt, naye anakuandikia ritani, na ukikaguliwa anakwenda kuongea na wakaguzi kwa niaba yako. Kesi ya ngedere kapewa nyani, na nyani analipwa asilimia 75.

Kinachoshangaza ni kwamba mengi hayakufichwa. Makabrasha ya matangazo, mojawapo lilimwita ng'ombe kimbilio la kodi lenye uzito wa ratili 1,000, yalisema wazi kabisa kwamba faida kuu ya kuingia humu ni kuokoa kodi. Yalisema serikali itajaribu kuichukua hiyo faida, kwamba IRS itauona mpango huu kama wa hila na wenye kuingia watarajie kukaguliwa. Halafu badala ya kumwambia msomaji basi nenda kwa mtaalamu wako akakague, yalimpa sababu za kuwaamini watu wa ndani ya Hoyt tu kwa mambo ya kodi, kwamba watu wa nje hawaijui hii kazi. Angalia mpangilio huo: kwanza nakuambia utashambuliwa, halafu nakuambia usimwamini mtu yeyote isipokuwa mimi. Mtu wa nje akikwambia kitu hiki kinanuka, umeshaandaliwa jibu kwamba yeye haelewi, na IRS ikija imethibitisha tu kile ulichoambiwa toka mwanzo. Ni ujanja mzito huo. Onyo likishakuwa sehemu ya tangazo, halimtishi mtu tena.

Ila tusiwafanye hao wawekezaji kuwa wajinga, maana walikuwa na karata moja ya maana kweli. Mwaka 1989 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua kesi ya baadhi ya ule ubia wa mwanzo, miaka ya nyuma huko, na Hoyt na watu wake walishinda. Mahakama ilisema ubia ule haukuwa wa kuigiza, bei ya ng'ombe haikuzidi thamani yake, na hati za madeni zilikuwa za kweli. Fikiria wewe ni fundi au karani, mtu anakuletea hukumu ya mahakama ya serikali inayosema mpango ni halali, utafanyaje? Hoyt aliitembeza ile hukumu kila kona. Hii ndo hoja nzito kuliko zote upande wa wawekezaji.

Tatizo lake ni kwamba hukumu ile ilikuwa ya ubia mwingine, miaka mingine, ng'ombe wengine. Mahakama iliamua kuhusu mifugo iliyokuwepo wakati ule, haikuamua kwamba kila kitakachouzwa na Hoyt mpaka mwisho wa dunia ni halali. Na wakati yeye anaendelea kuunda ubia mpya mwaka hadi mwaka, ng'ombe hawakuongezeka kwa kasi ya karatasi. Hilo ndo jambo ambalo mwanasheria yeyote asiye na mkono kwenye hiyo hela angelisema ndani ya nusu saa: leta hukumu niione, hii inahusu ubia gani, wa kwako umo? Haumo. Basi.

Mambo yalianza kuharibika Februari 1993, IRS ilipositisha kuwarudishia hela wanachama, na ikatuma barua za kuwaambia kwamba kuanzia mwaka wa kodi wa 1992 makato hayo hayatakubaliwa. Hela ya serikali ikikatika, na asilimia 75 inakatika, kwa hiyo mfumo mzima ukabaki hauna mafuta. Watu wakaanza kuacha kulipa na kujitoa. Hoyt akawaandikia kuwahimiza washikamane naye kwenye vita na IRS, na wale walioacha akawatisha kwamba atawaripoti kwamba wamesamehewa deni, na deni likisamehewa kule linahesabiwa kipato na linatozwa kodi. Hebu ona huo mzigo, lile deni walilolibeba binafsi ili wapate makato sasa limekuwa kamba ya kuwafungia ndani. Juni 1997 mahakama ya ufilisi ikatamka kwamba kampuni zake mbili kuu zimefilisika. 1998 akavuliwa uwakala wa kodi. Mwaka 2001 huko Oregon akahukumiwa kwa ulaghai na mengine, kifungo cha karibu miaka 20, na kuamriwa kurejesha zaidi ya dola milioni 102, kiasi ambacho serikali ilikadiria wawekezaji walimlipa.

Mwaka 2000 Mahakama ya Kodi ilishaamua kuhusu ubia wa baadaye, safari hii kinyume kabisa na 1989. Miamala haikuwa na uhalisia wa kiuchumi, umiliki wa ng'ombe haukuwahi kuwafikia wanachama kiukweli, bei zilikuwa zimepandishwa mno, na ng'ombe wengi waliouzwa kwenye makaratasi hawakuwepo malishoni. Rufaa ya 2003 ikaithibitisha.

Hapo mtu angedhani yameisha, kodi irudishwe tuendelee na maisha. Hapana. Ikaja awamu ya pili, mwanachama mmoja mmoja, je, anadaiwa na faini ya uzembe? Hapa ndo kwenye nyama ya kisa chenyewe.

Sheria ya kodi ya Marekani inatoza faini ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua kama upungufu umetokana na uzembe, lakini inakuachia kama ulikuwa na sababu ya msingi na nia njema. Kanuni zake zinasema kinachotazamwa zaidi ni juhudi ulizofanya kujua kodi yako halisi, na zinasema pia dalili kubwa ya uzembe ni kudai makato ambayo mtu yeyote mwenye busara angeyaona ni mazuri kupita kiasi bila kujaribu kuhakikisha. Na kumtegemea mtaalamu kunakubalika kama utetezi, mahakama haidai kila mtu awe mwanasheria. Mwaka 2000 kwenye kesi nyingine iliyohusu madaktari na bima, Mahakama ya Kodi iliweka vipimo vitatu ambavyo mpaka leo vinatumika: mshauri awe na ujuzi wa kutosha wa jambo lenyewe, wewe uwe umempa taarifa zote na za kweli, na uwe kweli umeufuata ushauri wake kwa nia njema.

Wawekezaji wa Hoyt walijitetea hivi. Sisi tulimtegemea Hoyt na watu wake, ni wataalamu wa kodi, ana leseni ya serikali. Tuliongea na wanachama wenzetu wakasema iko poa. Baadhi yetu tulitembelea ranchi, tukaona ng'ombe kwa macho yetu. Kulikuwa na hukumu ya 1989. Na mwisho, hata tungechunguza tusingegundua kitu, mbona IRS yenyewe yenye wakaguzi ilichukua miaka?

Mahakama tatu za rufaa zilizisikia hoja hizi mwaka uleule wa 2006, Kanda ya 6, ya 9 na ya 10, kesi tofauti, wawekezaji tofauti, na zote tatu zikathibitisha faini. Kuhusu Hoyt jibu lilikuwa fupi, ushauri wa kukukinga lazima utoke kwa mtu mwenye ujuzi asiye na mgongano wa maslahi, sio kwa anayekuuzia. Leseni yake haibadilishi kitu, kwasababu swali sio kama anajua kodi, swali ni analipwa na nani ukisema ndiyo. Wanachama wenzako hawana utaalamu, wao wenyewe waliambiwa na mtu uleule, kwa hiyo ukiuliza kumi umeuliza mmoja mara kumi. Ziara ya ranchi nayo, samahani, mtu asiyejua mifugo akipelekwa malishoni akaonyeshwa kundi ameona nini? Ameona ng'ombe. Hajui ni wa ubia upi, hajui kama kundi hilohilo halijaonyeshwa wengine wiki iliyopita, hajui bei ya Shorthorn kwenye mnada. Kile kilichotakiwa kuhakikishwa hakionekani kwa macho.

Ile hoja ya mwisho ndo ninayoiheshimu zaidi, ya kwamba tusingegundua hata tungechunguza. Ina ukweli, Hoyt alikuwa mjanja na rekodi zake zilikuwa vurugu. Lakini ukiisoma vizuri utaona inajibu swali ambalo hawakuulizwa. Sheria haikuuliza kwanini hukumkamata mwizi. Iliuliza kwanini hukuuliza mtu. Uzembe uko kwenye kutofanya, sio kwenye matokeo, na kama mwekezaji angempelekea mhasibu wa pembeni makaratasi yote, mhasibu akasema sijaona tatizo, angekuwa amesimama mahali pengine kabisa hata kama Hoyt angewazidi wote wawili akili. Na kusema ukweli sidhani kama mhasibu wa pembeni angekosa cha kusema. Hakuhitaji kugundua kwamba ng'ombe hawapo. Angeona muuzaji na msimamizi wa mnunuzi ni mtu mmoja, angeuliza nani mwingine ametathmini bei, angesoma ile hati ya deni akamwambia mteja wake unajua kwamba hili ni deni lako binafsi? Angeona malipo yote yanatoka kwenye hela ya kodi. Tayari hapo umeshapata jibu, au angalau umeshapata hofu ya kutosha.

Kuna kitu watu wanakosea wakisikia "mshauri huru", wanadhani ni mtu yeyote mwenye ofisi yake na mhuri wake. Kuna kundi jingine la kesi za miaka ya 80, la mashine za kuchakata mabaki ya plastiki zilizotengenezwa na kampuni ya Massachusetts, linaonyesha shida ilivyo. Kesi ya kwanza iliamuliwa 1992. Mashine 6 ziliuzwa na mtengenezaji kwa dola 981,000 kila moja, zikauzwa tena kwa dola 1,162,666 kila moja, zikakodishwa kwa ubia, kampuni nyingine ikapewa leseni ya kuzitumia, zikarudi kwa mtengenezaji, yote hayo siku moja na malipo yakafutana yenyewe kwa yenyewe. Mahakama ikasema thamani ya mashine moja haikuzidi dola 50,000. Piga hesabu: nafuu ya asilimia 20 iliyodaiwa juu ya hizo bei ni kama dola milioni 1.395, wakati mashine zote 6 kwa pamoja hazikufika zaidi ya 300,000. Waliowekeza humo ni watu wa kipato, wengi walikuwa na wahasibu wao wenyewe, na bado mahakama za rufaa za Kanda ya 3 mwaka 1999 na ya 2 mwaka 2000 zikathibitisha faini, kwasababu washauri wao walijua kodi ila hawakujua chochote kuhusu plastiki, na walichofanya ni kusoma kabrasha la muuzaji na kuliamini. Swali lenyewe lilikuwa mashine hii inafaa bei gani, na sokoni kulikuwa na mashine za kazi hiyo zinauzwa kati ya dola 20,000 na 200,000. Hakuna aliyepiga simu kuulizia. Na wale maprofesa wawili ambao ripoti zao za kuiunga mkono mashine ziliwekwa kwenye kabrasha, wote walikuwa na hisa kwenye ubia wa mashine hizohizo.

Kwa hiyo ukirudi kwa ng'ombe, mtu alihitaji mawili, mtu wa kodi asiye na mkono kwa Hoyt, na mtu wa mifugo wa kumwambia bei. Sio lazima wote walipwe ghali. Bei ya ng'ombe sio siri ya jeshi.

Baadaye mahakama zilifafanua zaidi nani anahesabika kuwa promota, maana watu walishajifunza kumweka mwanasheria katikati. Mwaka 2011 Mahakama ya Kodi ilisema promota ni mshauri aliyeshiriki kuuunda muamala, au mwenye uhusiano nao, au mwenye maslahi ndani yake, au anayepata faida kutokana nao. Wakati huohuo hawakutaka kuwatia hatiani wanasheria wa kawaida, kwa hiyo mshauri uliye naye miaka mingi, asiyekuletea mpango bila wewe kumuomba, anayekaa ndani ya fani yake, na anayelipwa kwa saa zake za kawaida tu, huyo hana tatizo. Kipimo kizuri hicho. Mtu aliyekuletea mpango akakuletea na mshauri, hao wawili wahesabu kama mmoja.

Kuna waliokwepa faini. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 5 iliwafutia faini mke na mume wa kipato cha kawaida, elimu ya sekondari, waliowekeza kwenye mpango wa vifaa vya kuokoa nishati kwa kumwamini mshauri wao, na majaji wakasema watu kama hao hawawezi kudaiwa wachunguze kama wawekezaji wakubwa. Wawekezaji wa Hoyt waliililia sana kesi hii na haikuwasaidia. Nadhani ni sawa isiwasaidie, maana kule angalau palikuwa na mshauri asiyekuwa muuzaji mwenyewe, huku mshauri na muuzaji walikuwa mwili mmoja. Lakini msimamo ule wa kupima elimu na uzoefu wa mtu haujafa, ndo maana kwenye kesi za plastiki pia utakuta wachache waliosamehewa.

Sasa pale ambapo sikubaliani na jinsi mambo yalivyoisha. Faini ya asilimia 20 inaadhibu kosa la siku ile ulipojaza ritani, sawa. Riba ni kitu kingine. Riba ilikua kwa miaka 10, 15 na zaidi, na muda mwingi huo kesi ilikuwa mikononi mwa Hoyt, msemaji wa ubia, ambaye alikuwa akisaini kuiongezea IRS muda wa kutoza kodi wakati huo IRS haohao wanamchunguza. Walalamikaji walisema mtu anayechunguzwa kwa jinai ana kila sababu ya kuwafurahisha wachunguzi kwa gharama za wenzake, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9 ilikubali kwamba hoja hiyo ilistahili kuchunguzwa zaidi, ikairudisha kesi chini. Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo ikapokea wawekezaji waliokuwa wameiomba IRS ikubali sehemu tu ya deni, kwa kuwa walikuwa wahanga wa ulaghai na kesi imechukua miaka mingi mno. IRS ilikataa, hoja yake kubwa ikiwa kwamba ukiwapunguzia walioingia kwenye mipango ya kukwepa kodi unawaambia wengine wajaribu, wakikamatwa watapewa punguzo. Majaji wakaiachia IRS uamuzi wake.

Mimi hapo naona kuna vitu viwili vimechanganywa. Kumnyima nafuu ya faini mtu ambaye hakuuliza, naelewa. Kumtoza riba ya miaka ambayo aliyekuwa anamwakilisha kisheria ni tapeli anayejulikana kwa kila mtu isipokuwa kwa huyo mwekezaji, na IRS inapokea saini za tapeli huyo, hiyo haihusiani kabisa na kama alitafuta ushauri mwaka 1986 au hakutafuta. Hata angekuwa na mhasibu bora Oregon nzima, msemaji wa ubia angebaki kuwa Hoyt. Mfumo huo wa msemaji umefutwa na sheria ya 2015 iliyoanza kutumika kwa miaka ya kodi kuanzia 2018, ila aliyewekwa badala yake ana mamlaka makubwa zaidi ya kuufunga ubia mzima kwa saini yake. Kwa hiyo mshauri wako akishamaliza na bei na makato, mwambie afungue na ule ukurasa unaosema nani ataongea na IRS kwa niaba ya ubia, anaondolewaje, na mwanachama atapewa taarifa lini.